Stelingi Hafi: Chuku, Sauti na Wafu Wasio na Majina katika Filamu za Mapigano

Ikisiri

Makala haya yanahakiki filamu za mapigano zilizotiwa chuku kama zinavyotazamwa na kusimuliwa upya katika Afrika Mashariki, yakianzia mtaa wa Gikondo, Kigali. Hoja kuu ni kwamba ubora wa filamu hizi unategemea mapatano ya chuku baina ya msimulizi na hadhira, na kwamba katika eneo letu mlinzi wa mapatano hayo ni sauti ya mfasiri-msimulizi. Mifano mikuu ni Commando (Marekani, 1985) na Who Killed Captain Alex? (Uganda, 2010). Makala yanaonyesha pia mahali aina hii ya sanaa inapokwama, yaani mbele ya msiba, na yanapendekeza kwamba vyombo vya uainishaji wa filamu visikilize kinachosemwa juu ya picha kabla ya kuhesabu risasi zilizomo ndani yake.

1. Saluni ya Gikondo

Anayeteremka Gikondo kutoka kilimani kuelekea bondeni hupita saluni kadhaa za kunyolea ambazo televisheni zake hazinyamazi. Mara nyingi kinachoonyeshwa ni agasobanuye: filamu ya Marekani, ya India au ya China iliyowekewa juu yake sauti ya Mnyarwanda mmoja anayesema kwa niaba ya wahusika wote, wake kwa waume, wazee kwa watoto, na ambaye hapungukiwi nafasi ya kusema kwa niaba yake mwenyewe. Jina hilo limetokana na kitenzi cha Kinyarwanda gusobanura, maana yake ‘kueleza’. Filamu ya namna hiyo haihesabiwi kuwa imetafsiriwa; imeelezwa. Tofauti hiyo ya vitenzi viwili ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya.

Siku moja nikiwa katika kiti cha kinyozi iliwekwa Commando, iliyoongozwa na Mark L. Lester. Ni filamu iliyowazidi umri karibu wote waliokuwamo. John Matrix, komando mstaafu anayeigizwa na Arnold Schwarzenegger, ametekewa binti yake na kupakiwa katika ndege pamoja na mtu wa kumlinda. Anamuua mlinzi huyo kitini, anashuka hadi kwenye magurudumu wakati ndege inapaa, kisha anajiachia na kutumbukia kinamasini. Anainuka, anatega saa yake, anaondoka bila hata kuchechemea. Saluni nzima ilicheka. Hakuna aliyeuliza kama jambo hilo linawezekana. Bonde la Gikondo nalo lina kinamasi, kilichobeba viwanda na maghala kwa miaka mingi kabla ya Serikali kuanza kuvihamisha viwanda hivyo ili ardhi oevu irejee hali yake. Watu wa pale wanajua fika kwamba aingiaye humo kwa miguu tu huacha kiatu. Walicheka kwa sababu wanajua.

Kicheko hicho hakijapata uzito unaostahili katika uhakiki wetu. Katika makongamano yetu ya Kiswahili tumekuwa na mada tele kuhusu riwaya, tamthilia na ushairi, na siku hizi hata kuhusu muziki wa kizazi kipya. Filamu za ngumi na bastola tumewaachia wazazi wazilalamikie na bodi ziziwekee alama za umri. Wachache walioandika kwa makini juu ya usimulizi wa filamu za kigeni Tanzania, kama vile Birgit Englert na Matthias Krings, wametoka nje ya eneo hili. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Nasema kwa sababu tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na tunapotafuta ni wapi raia wa kawaida hukutana na Kiswahili kirefu, chenye masimulizi ya saa nzima na zaidi, mara nyingi jibu halipo darasani. Gikondo yenyewe imekuwa na maghala ya forodha ya MAGERWA, ambako malori ya kutoka Dar es Salaam yalifikia, na madereva wao hawakuja na Kiingereza.

2. Chuku na kipimo chake

Kiswahili kina neno moja zuri kwa jambo hili: chuku. Kupiga chuku ni kukuza jambo kupita kiasi huku msemaji na msikilizaji wote wakijua kwamba limekuzwa. Hapo ndipo chuku inapoachana na uongo. Mwongo anataka aaminiwe. Mpiga chuku anataka afuatwe. Mpiga chuku akikutana na msikilizaji asiyejua kipimo cha kawaida, sanaa yake inakufa papo hapo, maana hakuna kiasi cha kupitiliza.

Filamu za mapigano hazikutuletea chuku, zilitukuta nayo. Katika Utenzi wa Rasi’l Ghuli jeshi la makafiri huanguka kwa maelfu mbele ya mashujaa wachache, na sidhani kama kuna msikilizaji wa pwani aliyewahi kuketi na kuhesabu. Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa alivyomsimulia mwaka 1913, hapenyi chuma. Na hata baada ya kuuawa anabaki amepiga magoti na upinde mkononi, watu wa mji wakiogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Upande wa Rwanda, ibyivugo, yaani majigambo ya kishujaa, hujengwa kwa ukuzaji wa aina hiyo hiyo, na Kinyarwanda kimefika mbali zaidi kwa kuzipa hadithi za chuku jina lao wenyewe, amakabyankuru. Kijana wa Gikondo anayemcheka Matrix amerithi masikio ya kumchekea.

Ipo lakini tofauti moja ambayo wapenzi wa filamu hizi, nami nikiwemo, huipita haraka mno. Liyongo anakufa. Mwanawe mwenyewe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, na chuku yote iliyotangulia inakuwa kipimo cha usaliti huo: kadiri tulivyokwisha kuamini kwamba hapenyeki, ndivyo sindano inavyouma. Katika filamu za mapigano watazamaji wa Tanzania na Kenya waliitambua kanuni iliyo kinyume na hiyo, wakaipa maneno mawili: stelingi hafi. Neno lenyewe lina historia ya kupendeza. Limetoka katika maandishi ya mwanzo wa filamu yanayotangaza nani anaigiza, likasikika kama cheo cha mhusika, likabaki. Katika vibanda umiza mtoto wa miaka saba hujua stelingi ni nani dakika ya tano, na kuanzia hapo hana hofu tena. Hofu inapoondoka, kinachobaki ni hamu ya kujua namna: hafi vipi?

Hamu hiyo ina thamani, lakini inadai malipo makubwa kila inaporudi. Mfululizo wa Rambo ni ushahidi mzuri. Katika filamu ya kwanza, First Blood (1982), anayekufa ni mtu mmoja, nacho ni kifo kinachobadilisha mwenendo wote wa hadithi. Kufikia Rambo III (1988) waliokufa wamezidi 100, na hakuna kifo hata kimoja kinachobadilisha chochote. Mhusika aliyeanza akiwa askari aliyerudi vitani na kukuta mji hauna nafasi yake aliishia kuwa mashine ya kufyatulia risasi. Tena nchini Tanzania aliishia kuwa mfuko: kwa miaka mingi mfuko wa plastiki wa dukani uliitwa rambo, na mtu alikwenda sokoni akarudi na nyanya ndani ya rambo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Tanzania ikafuata mwaka 2019. Sijui shujaa mwingine wa sinema aliyewahi kunyang’anywa wasafiri mpakani.

3. Nchi isiyokuwepo

Nirudi kwa Commando, kwa kuwa ni filamu nzuri na ubaya wake unafundisha. Nusu yake ya kwanza ni chuku iliyopimwa. Matrix anang’oa kiti cha gari ili apate mahali pa kujificha. Anainua kibanda cha simu kikiwa na mtu ndani. Anaonekana mwanzoni kabisa akishuka mlimani na gogo la mti begani kama mwingine abebavyo mkate. Kila tendo linahusu kitu ambacho mtazamaji amewahi kukigusa. Tunajua uzito wa kiti cha gari, tunajua kibanda cha simu kimefungwa sakafuni, na kwa hiyo tunaweza kupima ni kiasi gani kimepitilizwa. Muda nao umewekewa mpaka: saa kumi na moja, urefu wa safari ya ndege, kabla watekaji hawajagundua kwamba hayumo. Hadithi ina haraka ya kweli.

Kisha anafika kisiwani, na filamu inalegea hapo hapo inapodhani imefikia kilele. Askari wanatoka nyumba kwa nyumba na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Hawana kipimo. Hawajui kulenga, hawajifunzi kutokana na aliyeanguka mbele yao, hawaogopi. Mwenye jicho kali ataona kwamba baadhi ya miili inayorushwa na milipuko ni sanamu. Kumuua askari wa namna hiyo hakumkuzi shujaa, kama vile kumshinda mtoto mbio hakumfanyi mtu kuwa mwanariadha. Chuku imepoteza ngazi zake na kugeuka orodha.

Tena kuna jambo la nchi. Adui mkuu anatamani kurudi madarakani katika nchi ya Val Verde, nchi ya kubuni ambayo haimo katika ramani yoyote. Watengenezaji walitaka, bila shaka, kukwepa lawama za taifa lolote. Lakini tazama matokeo yake: wale makumi ya watu wanaokufa mwishoni ni raia wa nchi isiyokuwepo. Hakuna kijiji kitakachopata habari. Hakuna mama wa Val Verde. Filamu imetafuta wafu ambao hakuna mtu duniani anayeweza kuwalilia, na imewapata.

4. Sauti juu ya sauti

Mambo hayo yote ni kweli kuhusu filamu kama ilivyotoka Marekani. Filamu iliyokuwa ikionyeshwa saluni haikuwa hiyo. Ilikuwa na mtu wa ziada.

Uganda wanamwita VJ, Tanzania na Kenya DJ, Rwanda ni umusobanuzi. Majina ya mabingwa wake yanajulikana kuliko ya waandishi wengi tunaowafundisha: Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya, na hapa Rwanda Nkusi Thomas aliyejulikana kama Yanga, aliyefariki mwaka 2022, ambaye mdogo wake Junior Giti ameendeleza kazi hiyo. Naiita kazi ya mfasiri-msimulizi kwa kuwa vipande viwili vya jina hilo havitengani. Anahamisha maana ya mazungumzo, mara nyingine kwa uaminifu, mara nyingine kwa kubahatisha. Wakati huohuo anasimulia picha kana kwamba hadhira yake haioni, na katika enzi za televisheni ndogo yenye chenga nyingi sehemu ya hadhira kweli ilikuwa haioni.

Kwa upande wa lugha, mchango wake mkubwa uko katika mambo mawili. La kwanza ni tanakali za sauti. Vitabu vyetu vya sarufi huzipa ukurasa mmoja: anguka mchangani tifu, anguka sakafuni pu, tumbukia majini chubwi. Msimulizi mzuri huzitumia kama mpiga ngoma, na huchagua kwa uangalifu. Matrix akianguka kinamasini, chubwi na pu si sawa. Ya kwanza inamwokoa, ya pili inamvunja. La pili ni kuwapa watu majina. Walinzi wa adui ambao katika filamu ya awali hata katika orodha ya waigizaji hawatajwi, msimulizi huwabatiza: huyu ni mkopaji asiyelipa, yule ni shemeji wa mtu fulani, huyu wa tatu aliacha ugali mezani. Kwa sekunde nne kabla ya risasi, mtu wa Val Verde anapata ukoo. Kipimo kinarudi. Hadhira inacheka, lakini sasa inamcheka mtu.

Nisieleweke kwamba kila msimulizi ni fundi. Wengi wanachosha. Wapo wanaojaza kila pengo kwa kelele kwa kuwa hawakuelewa mazungumzo, wapo ambao mwanamke yeyote akitokea hawana la kusema ila umbo lake, na wapo wanaowapa majambazi lafudhi za majirani zetu. Hili la mwisho nitalirudia.

Mfano ulio mbali zaidi wa sanaa hii ni wa Wakaliga, kitongoji cha Kampala, ambako Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayotajwa kuwa haikufika hata dola 200 za Marekani. Nabwana amesimulia kwamba utotoni hakwenda kwenye majumba ya sinema. Ndugu zake wakubwa walikwenda, wakarudi, wakamsimulia. Kwa hiyo filamu za mapigano alizijua kwanza kwa masikio. Nadhani hilo linaeleza mengi. Bunduki zake zimeundwa kwa vyuma chakavu, helikopta yake imechorwa kwa kompyuta na haijaribu kukuficha hivyo, na damu ya awali ilikuwa ya ng’ombe hadi mwigizaji mmoja alipougua, ikabadilishwa kwa rangi ya chakula. Kila kitu kinamwambia mtazamaji: unajua na sisi tunajua. Huko Marekani na Ulaya watu waliipokea kama kichekesho cha umaskini, na sehemu ya sifa zake za mtandaoni ina harufu ya dharau. Sisi tuna sababu ya kuisoma vingine. Ni chuku iliyorudishiwa kipimo na watu ambao kipimo chao cha bunduki halisi hakikutoka sinema. Nabwana ni mtoto wa Uganda ya Idi Amin na ya vita vilivyofuata.

Nakala ya filamu hiyo inayojulikana ulimwenguni ina sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho. Anashangilia, anatukana, anawatania waigizaji, anaitangaza filamu ndani ya filamu yenyewe. Ukiiondoa sauti hiyo unabaki na kitu kingine.

Na jina lake! Filamu ya mapigano yenye maiti nyingi imejiita kwa swali kuhusu maiti moja: nani alimuua Kapteni Alex? Kapteni ndiye aliyedhaniwa kuwa stelingi, na anakufa kabla ya nusu ya pili kushika kasi, nje ya macho yetu. Kanuni imevunjwa. Kwa dakika kadhaa filamu inaonekana iko tayari kufanya jambo ambalo Commando haikulithubutu, yaani kusimama na kuuliza habari za mtu mmoja aliyekufa. Kaka yake anafika, anataka kisasi, kungfu inaanza, helikopta inashambulia mji, na filamu inakwisha bila swali kujibiwa. Wengi huhesabu hilo kuwa kosa la kuchekesha. Kwangu mimi ni ungamo la aina nzima ya filamu hizi: zinaweza kuuliza nani aliua, haziwezi kukaa na jibu.

5. Mpaka

Gikondo si mahali ambapo mhakiki anaweza kuandika juu ya wafu wasio na majina kisha akaendelea na safari. Tarehe 9 Aprili 1994, katika kanisa la parokia ya Wapallotini hapa Gikondo, Watutsi zaidi ya mia moja waliokuwa wamekimbilia humo waliuawa mchana. Vitambulisho vilikaguliwa kwanza ili kutenganisha watu, kisha vya waliotengwa wafe vikachomwa moto. Waliofanya hivyo walitaka wafu wao wawe kama walinzi wa Val Verde. Kazi kubwa ya kumbukumbu nchini Rwanda tangu wakati huo, kuanzia kusomwa kwa majina katika ibada na mikesha hadi ukuta wa majina katika Kumbukumbu ya Gisozi, imekuwa ni kukanusha moto ule.

Kuna wanaosema kwamba kwa sababu hiyo filamu za mapigano hazifai kabisa kuonyeshwa katika nchi iliyopitia hayo. Nauheshimu msimamo huo bila kukubaliana nao. Ushahidi wa kwamba picha za sinema huzaa vita ni dhaifu kuliko tunavyopenda kudhani. Paul Richards, alipochunguza waasi wa Sierra Leone na mapenzi yao kwa First Blood, aligundua kwamba vijana waliona humo hasa habari ya mtu aliyefukuzwa mjini na kujiokoa kwa akili zake msituni. Na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakusubiri Rambo. Yalikuwa na sauti yake yenyewe.

Hapo ndipo hoja yangu inapojikwaa, na sina budi kuionyesha ilipojikwaa. RTLM ilikuwa redio changamfu. Watangazaji wake walijua utani, walijua kuzungumza na msikilizaji kama jirani, walijua kuingiza muziki mahali pake. Na walitaja majina. Walitaja watu, mahali walipojificha, hata magari yao. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waliokuwa nyuma ya redio hiyo na gazeti la Kangura. Watafiti bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa athari za matangazo hayo ikilinganishwa na vishawishi vingine, lakini hakuna anayedai yalikuwa hayana madhara. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba sauti yenye utani juu ya mauaji ni njema kwa kuwa inawapa watu majina. Jina laweza kuwa kaburi lenye alama, laweza pia kuwa anwani ya muuaji.

Tofauti iko katika mapatano niliyoyaeleza mwanzoni. Msimulizi wa saluni anapombatiza mlinzi wa Val Verde, yeye na hadhira wanajua kwamba hakuna mtu kama huyo. RTLM ilichukua vyombo vya mpiga chuku, yaani ucheshi, ukuzaji na ujirani, ikavitumia kwa mtu aliyepo, ikitaka iaminiwe. Ilikuwa uongo uliovaa nguo za chuku. Ndiyo maana lafudhi za majirani katika vinywa vya majambazi zinanitia wasiwasi kuliko lita za damu. Damu ya filamu ni rangi ya chakula. Lafudhi ni ya watu waliopo, wanaopanda basi moja nasi.

Mpaka wa pili ni wa msiba. Wilaya hii hii ya Kicukiro ilikuwa na shule ya ETO, ambako watu zaidi ya 2,000 waliachwa na askari wa Umoja wa Mataifa tarehe 11 Aprili 1994, na ambako filamu Shooting Dogs (2005) ya Michael Caton-Jones ilipigwa picha papo hapo mambo yalipotokea, manusura wakiwa miongoni mwa mafundi wake. Mwishoni manusura hao wanaonyeshwa kwa picha na majina. Filamu hiyo ina kasoro zake. Kubwa ni kwamba msiba wa Wanyarwanda unatazamwa kupitia macho ya wageni wawili weupe. Lakini inajua kwamba kifo kinachukua muda. Filamu ya mapigano iliyotiwa chuku haiwezi kujifunza hilo bila kuacha kuwa yenyewe, na haifai kudaiwa. Utani wa ngariba haupelekwi matangani.

Jambo linalonivutia ni kwamba jamii tayari inajua. Kila mwaka, katika juma linaloanza tarehe 7 Aprili, burudani za hadhara husitishwa nchini. Mpaka umewekwa kwa majira: kuna wakati wa kucheka mtu anayeangukia kinamasini kutoka ndege, na kuna wakati ambapo hata televisheni ya kinyozi hufuata mwenendo wa nyumba yenye msiba. Ni kigezo chenye busara kuliko vingi vilivyoandikwa katika miongozo ya uainishaji, kwa kuwa kinahusu uhusiano wa kazi ya sanaa na watu walioizunguka.

6. Kwa wanaoandaa sera

Bodi za filamu za eneo letu zimerithi namna ya kupima iliyotazama picha: damu kiasi gani, mwili wazi kiasi gani, matusi mangapi. Kwa sinema za mjini zinazoonyesha filamu kama zilivyotoka, namna hiyo ina maana fulani. Kwa vibanda na saluni haina, kwa sababu kilichoainishwa siyo kinachoonyeshwa. Alama ya umri iliyotolewa kwa Commando ya Kiingereza haituambii lolote kuhusu Commando iliyosimuliwa, ambayo yaweza kuwa nyepesi zaidi au yenye sumu zaidi kuliko asili yake. Napendekeza kwamba toleo lililosimuliwa lihesabiwe kuwa kazi inayojitegemea na lisikilizwe na mtu anayeijua lugha husika kwa kina, akiuliza kwanza: wanaodhihakiwa humu wapo?

Suala la hakimiliki ni gumu na sitaki kulifunika. Chini ya Mkataba wa Berne haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi, na wasimulizi wengi hawajawahi kumwomba mtu ruhusa. Kuwakamata ni rahisi kisheria. Lakini sera inayoishia hapo inafuta mapokeo yote ya tafsiri simulizi katika Kiswahili, Kiluganda na Kinyarwanda kwa faida ya kampuni ambazo, kwa sehemu kubwa, hazijaona haja ya kutafsiri filamu zao kwa lugha zetu. Leseni nafuu ya usimulizi, inayotolewa kwa lugha na kwa nchi, ni jambo ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki ingeweza kulijadili kwa pamoja. Nchi moja moja haina uzito wa kutosha mbele ya studio za Marekani au za India.

Kilicho cha haraka zaidi ni kuhifadhi. Kanda za VHS hazistahimili ukungu, na kazi za wasimulizi wa kwanza zilienea kwa kunakiliwa kanda kwa kanda, kila nakala ikiwa hafifu kuliko iliyotangulia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingeweza kunufaika na data za Kiswahili kinachozungumzwa nje ya pwani. Hapa kuna saa nyingi za Kiswahili hicho, pamoja na tanakali za sauti ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Kazi inaweza kuanza kwa gharama ndogo: kuwafuata wenye vibanda na wenye saluni, Gikondo, Nyamirambo, Manzese, Katwe, na kuuliza nini bado kimo ndani ya masanduku yao kabla ya mafundi hawajayachukua kwa ajili ya vipuri.